Barua ya wazi: Tepe tunazopimia sumukuvu hazioni kile tunachoagizwa kukiona

Kwa: Viongozi na watendaji wenye dhamana ya viwango vya nafaka, usalama wa chakula na ununuzi wa vifaa vya kupimia mazao nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

YAH: UDHAIFU WA TEPE ZA KUPIMA SUMUKUVU KATIKA MAGHALA YA WAKULIMA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpimaji wa mazao katika ghala la chama cha msingi cha ushirika, kanda ya kati. Kazi yangu, kwa misimu sita sasa, ni kuchoma magunia kwa bambo, kusaga sampuli, kuikoroga katika dawa ya kutolea sumu, kuchovya utepe unaopima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kisha kumwambia mkulima kama mahindi yake yanaingia ghalani au yanarudi nyumbani. Nimewaandikia mara tatu kwa kufuata ngazi zote zinazostahili. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu ilirudi wilayani ikiwa na agizo kwamba nifuate maelekezo ya mtengenezaji yaliyomo ndani ya boksi, jambo ambalo nimelifanya tangu siku ya kwanza na ndilo lililonifikisha kwenye malalamiko haya. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima ile ile, nikiamini kwamba mtanisoma.

Naomba nianze na tukio moja, kwa sababu bila hilo hoja zangu zitaonekana kama hesabu za mtu mwenye muda mwingi.

Mwezi wa Julai msimu uliopita mama mmoja alileta magunia kumi na moja, mahindi meupe, yaliyopepetwa vizuri, bila ukungu unaoonekana wala punje zilizovunjika za kutia shaka. Nilichovya utepe, nikasubiri dakika zilizoandikwa kwenye boksi, nikausogeza mlangoni penye mwanga. Mstari wa juu, ule unaothibitisha kwamba utepe wenyewe ni mzima, ulikuwa mwekundu wazi. Wa chini ulikuwepo, ila umepauka. Nilimwita mtunza ghala, akasema upo. Karani naye akasema upo, lakini si kama wa juu. Mama akatutazama sote watatu tukiwa tumeinamia kipande cha karatasi kisichofikia urefu wa kidole, akauliza, "Wanangu, sasa yamepita au hayajapita?" Maelekezo ya boksi yanasema kwamba mstari ukionekana, hata kwa mbali, sampuli iko chini ya kikomo. Nikayapokea. Sehemu ya sampuli ile ile tuliipeleka maabara kwa gharama ya chama, na majibu yakarudi baada ya wiki tatu: aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, jumla yake mikrogramu 14 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinaruhusu zisizidi 10. Wakati huo magunia ya mama yule yalikwisha kuchanganywa na mengine na kuuzwa.

Utepe haukudanganya. Kwa herufi ndogo, ubavuni mwa boksi, imeandikwa kwamba kikomo chake ni 20.

Baada ya hayo, hoja zangu ni hizi.

1. Tunapima kwa kikomo cha watu wengine.

Kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo ni cha Marekani, na tepe nyingi zilizoko sokoni zimetengenezwa kuwahudumia wafanyabiashara wa nafaka wa huko. Kwao ni sahihi. Kwetu sisi, ambao tumejiwekea 10 kwa aflatoksini zote na 5 kwa aina moja yake, aflatoksini B1, peke yake, utepe wa 20 unapitisha kwa uaminifu kabisa mahindi ambayo sheria yetu inayakataa. Sijui ni nani aliyeandika mahitaji ya zabuni iliyotuletea maboksi yale, na sitaki kumjua; ninachojua ni kwamba kama neno "kikomo" lingekuwa na tarakimu pembeni yake, maboksi yale yasingepokelewa.

Athari zake haziishii ghalani. Mnakumbuka kwamba tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi 10. Mfanyabiashara aliyenunua kwetu akiamini utepe wetu anafika mpakani na kupimwa kwa kifaa kinachoona 10. Anayerudishwa na lori lake harudi kwa mtengenezaji wa utepe, anarudi kwetu.

2. Jicho linaulizwa swali ambalo haliwezi kulijibu.

Kwenye kipimo cha malaria cha zahanati, mstari ukitokea ugonjwa upo. Kwenye utepe wa sumukuvu mambo ni kinyume: mstari ukiwa wazi mahindi ni salama, ukififia sumu ipo. Wakulima hulishangaa jambo hili, nami hulazimika kulieleza kila msimu, kwa hiyo naomba nilieleze na hapa, maana ndiko tatizo lilikolala.

Molekuli ya aflatoksini ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili (protini zinazonasa kitu kimoja maalumu) kwa wakati mmoja, kama inavyofanyika kwa kipimo cha malaria. Hivyo watengenezaji hutumia ushindani. Kwenye utepe kuna kingamwili zilizobebeshwa chembe ndogo sana za dhahabu, zile zinazotoa rangi nyekundu, na kwenye mstari wa kipimo wamebandika sumu kidogo kama chambo. Sampuli isiyo na sumu inaziacha kingamwili zikimbilie chambo, na mstari unawaka. Sampuli yenye sumu inazikamata njiani, na mstari unapauka. Maana yake ni kwamba ili kuona sumu kidogo, jicho halitafuti kitu kilichotokea mahali peupe. Linatafuta upungufu mdogo wa wekundu ndani ya wekundu mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kulinganisha vitambaa viwili vya rangi moja kwenye duka lenye taa hafifu anajua ugumu wake.

Njia za kuurekebisha udhaifu huu zinajulikana. Ukipunguza kingamwili zilizobebeshwa rangi, sumu kidogo tu inatosha kuzimaliza, na utepe unakuwa mkali zaidi. Lakini ukizipunguza, mstari wenyewe unafifia hata pasipo sumu, kwa hiyo unahitaji rangi yenye nguvu kuliko dhahabu ya kawaida: chembe za dhahabu zenye umbo linalotoa rangi nzito, au chembe za metali iitwayo europiamu zinazong'aa chini ya mwanga maalumu. Hizo za kung'aa husomwa na kifaa kidogo cha mkononi kinachotoa tarakimu badala ya "upo" na "haupo". Vifaa hivyo vipo na vinauzwa. Msimu mzima nimeamua hatima ya magunia ya watu kwa macho yangu, na mwaka huu nimeanza kuvaa miwani.

3. Utepe unaona sumu moja, mahindi yana mbili.

Hii ndiyo hoja iliyonifanya niandike barua ya tatu, na naomba mniwie radhi nikirefuka.

Kanda yetu ni kavu. Ukame na joto wakati mahindi yanakomaa humpa nguvu kuvu anayetengeneza aflatoksini, ndiyo maana jina la aflatoksini linajulikana hapa hadi vilabuni. Lakini ghala letu halipokei mahindi ya jirani tu. Mahindi husafiri, ukisimama saa moja tu kwenye soko kama la Kibaigwa utaona malori kutoka mikoa ambayo mvua zake, baridi yake na wadudu wake si vyetu. Huko kwenye unyevu, na hasa pale funza wa mabua walipotoboa gunzi shambani, kuna kuvu wa aina nyingine anayetengeneza fumonisini. EAS 2 inaitaja nayo: isizidi miligramu 2 kwa kilo. Iko kwenye kiwango, imesainiwa, ila haipo kwenye boksi langu. Misimu yote sita sijawahi kupewa utepe hata mmoja wa fumonisini.

Tusiseme ni sumu ndogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka fumonisini B1 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na aflatoksini kwenye kundi la vile vilivyothibitika kabisa. Utafiti uliofuatilia watoto wadogo 166 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta sumu zote mbili kwenye miili ya watoto hao, na ni fumonisini iliyoonekana kuambatana na kudumaa kwa urefu wao. Watoto hao walikuwa wameanza tu kula uji. Nasi tunauita uji ule wa lishe: mahindi kutoka kanda moja, karanga kutoka nyingine, kila kimoja na sumu yake.

Nikiuliza, huambiwa kwamba tepe za sumu nyingi kwa mpigo hazijakomaa. Kuna ukweli ndani yake, na ni haki niueleze. Kikomo cha fumonisini, ukikiandika kwa mikrogramu, ni 2,000. Cha aflatoksini ni 10. Moja ni mara 200 ya nyingine. Maji yale yale ya sampuli, ukiyazimua ya kutosha ili mstari wa fumonisini usizimike kila mara, aflatoksini inapotea humo ndani kama chumvi ya mchuzi uliomwagiwa ndoo ya maji. Usipozimua, mstari wa fumonisini unafutika hata kwa mahindi mazuri. Juu ya hayo, aflatoksini haipendi maji. Hutoka vizuri kwenye pombe iliyochanganywa na maji kidogo, lakini pombe nyingi huziharibu kingamwili, kwa hiyo lazima uzimue tena, na kila ukizimua unapunguza kile kidogo ulichokuwa unakitafuta.

Hata hivyo, ugumu huu una majibu. Mtengenezaji anaweza kuupunguzia ukali mstari wa fumonisini kwa makusudi, kwa kuweka chambo kingi zaidi au kingamwili zisizoshika kwa nguvu, na kuuachia ukali wote mstari wa aflatoksini, ili sampuli moja isiyozimuliwa sana iihudumie mistari yote miwili. Au anaweza kutoa tepe mbili zinazochovywa kutoka chupa moja, kila moja na kiwango chake cha kuzimua, na kazi ikamchukua mpimaji dakika chache zaidi. Sidai muujiza. Nadai kwamba atakayeshinda zabuni aulizwe swali hili, na ajibu kwa vipimo vilivyofanywa kwenye mahindi ya Tanzania.

4. Joto.

Boksi linasema tepe zihifadhiwe kwenye jokofu na zitumike kwenye chumba cha joto la wastani. Ghala letu lina paa la bati. Mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, hakuna mtu anayeweza kuliita chumba cha joto la wastani, na umeme ukikatika usiku jokofu ni kabati tu. Mistari ya mchana na mistari ya asubuhi, kwa sampuli ile ile, nimeiona ikitofautiana kwa macho yangu.

5. Hakuna anayezipima tepe zenyewe.

Mizani yetu hukaguliwa kila mwaka na kubandikwa stika. Tepe, ambazo uamuzi wake ni mzito kuliko wa mizani, huingia ghalani na kutumika bila mtu yeyote wa nchini kuzichovya kwenye sampuli ambayo sumu yake inajulikana. Marekani, idara ya shirikisho ya ukaguzi wa nafaka huvipima yenyewe vifaa vya aina hii na kuitoa orodha ya vilivyofaulu hadharani. Hapo jirani Kenya, chini ya APTECA, mpango wa kudhibiti aflatoksini, wasagishaji wamefundishwa kupima wenyewe na kulinganisha majibu yao na ya wengine kwa sampuli zinazojulikana. Sisi tumeshindwa nini?

Waheshimiwa, najua majibu mtakayopewa na watakaowaandalia maelezo juu ya barua hii, kwa sababu nimekwisha kupewa yote.

Mtaambiwa kwamba utepe ni wa kuchuja tu, na uamuzi wa mwisho ni wa maabara. Ingekuwa hivyo kama mahindi yaliyopita utepe yangeendelea kwenda maabara. Hayaendi. Maabara iko mbali, gharama yake kwa sampuli moja chama hakiwezi kuibeba kwa kila mkulima, na wiki tatu za kusubiri ni muda ambao mkulima mwenye ada ya shule hana. Kwa magunia mengi ya nchi hii utepe ndio mwanzo na mwisho. Chujio likiwa na matundu makubwa kuliko uchafu, hakuna kilichochujwa.

Mtaambiwa pia kwamba mkulima ndiye mzembe, aanike kwenye turubai, asipige mahindi kwa fimbo, atumie mifuko isiyopitisha hewa. Haya yote ni kweli na tunayafundisha. Lakini fumonisini huwa imekwisha kutengenezwa shambani kabla ya turubai kutandikwa, na kukausha hakuiondoi. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5 yanayotakiwa na kiwango yanaweza kuwa nayo tele.

Wengine watasema, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwamba kosa kubwa liko kwenye sampuli na si kwenye utepe. Wana haki. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje moja inaweza kujaa sumu na jirani yake isiwe na kitu, na mpimaji anayechoma bambo mdomoni mwa gunia moja na kusaga kiganja kimoja anabahatisha tu. Lakini hoja hiyo inanipa mimi nguvu. Nipeni mashine ya kusaga kilo kadhaa kwa mpigo badala ya hii ya viungo niliyonayo, nami nitachoma kila gunia. Makosa mawili yakiongozana hayafutani.

La mwisho ni lile la vifo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Mwaka 2004 Kenya ilizika watu 125 kati ya 317 waliougua. Mtaambiwa kwamba tepe tulizonazo zingeyanasa mahindi yale, na ni kweli zingeyanasa. Yalikuwa na sumu nyingi mno, hata utepe butu ungezimika. Utepe wa 20 unazuia mahindi yanayoua ndani ya wiki mbili. Yale yanayomdumaza mtoto kimyakimya na kulila ini la baba yake kwa miaka ishirini, unayapitisha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kuanzia zabuni ijayo, isinunuliwe kwa fedha za umma tepe ya aflatoksini ambayo kikomo chake kinazidi 10, na mtengenezaji aonyeshe kwamba inaitofautisha sampuli ya 5 na ya 10 kwa uhakika.

Pili, tepe zipimwe hapa nchini kabla ya kugawiwa, kwa mahindi meupe ya kwetu na kwa joto la maghala yetu, dhidi ya majibu ya maabara, na matokeo yabandikwe mahali ambapo hata karani wa chama cha msingi anaweza kuyasoma. Kazi hiyo ifanyike kwa kila toleo linaloingia, si kwa toleo la kwanza tu.

Tatu, ndani ya misimu miwili kila ghala linalopokea mahindi kutoka nje ya wilaya yake lipewe kipimo cha aflatoksini na fumonisini kwa pamoja, pamoja na kifaa cha kusomea. Kama kifaa kimoja kwa kila ghala ni ghali, kianze na maghala ya sokoni. Vyuo vyetu vina wataalamu wa kingamwili na wa kemia ya chakula. Washirikishwe kuboresha tepe hizi badala ya kuitwa kwenye warsha tu.

Nne, hadi hayo yatakapofanyika, tupewe waraka unaosema wazi kwamba mstari uliopauka kwenye utepe wa 20 si ruhusa ya kupokea mahindi, na unaotaja ni nani atakayelipia kipimo cha maabara kwa shehena ya aina hiyo. Kwa sasa mkulima anaambiwa alipie yeye, au mimi nifumbe macho.

Nimehifadhi kwenye jokofu la ghala, ndani ya mifuko iliyofungwa na kuandikwa tarehe, sampuli ambazo utepe na maabara vimetofautiana, zikiwa na nakala za majibu yake. Atakayetumwa kuziangalia atapewa bila masharti, ila aje kabla ya Aprili, kwa kuwa mavuno yakianza nitahitaji nafasi. Namba yangu ya simu iko kwenye barua zote tatu zilizotangulia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpimaji wa mazao,
Ghala la chama cha msingi cha ushirika, kanda ya kati.